Ziara ya Siku Moja ya Kutazama Mvua za Radi Mtwara, Newala na Masasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila msimu wa mvua, kutoka kwa wageni wa Dar es Salaam hadi wenyeji wa Mtwara wanaotaka kujua kwa nini mtu alipie kwenda kutazama mvua. Ukiwa na haraka, anza na sehemu ya usalama. Mengine yanaweza kusubiri.

## Mambo ya msingi

Hii ziara hasa ni ya nini?

Ni siku nzima ya kutafuta wingu la radi na kulitazama likikua, likinyesha na likifa, mkiwa mbali nalo kiasi cha kutosha. Mwongozaji anasoma picha za setilaiti na anga lenyewe, dereva anashughulika na barabara, abiria wanatazama. Sehemu kubwa ya siku ni kusubiri, na anayekuja akitarajia mbio za magari nyuma ya mvua atachoka mapema. Sababu zimeelezwa katika swali la "Kwa nini hatulikimbizi wingu?".

Ni sawa na zile ziara za Marekani za kufukuza tornado?

Hapana, na tofauti si ndogo. Katika majimbo kama Oklahoma, Kansas na Texas, msimu wao mkubwa ni Aprili hadi Juni. Huko upepo hubadilika sana kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda juu. Badiliko hilo ndilo linalolizungusha wingu zima na kulifanya liishi saa kadhaa, likisafiri hata kilomita 50 kwa saa. Barabara zao nyingi zimenyooka na kukatana kila upande, kwa hiyo gari linaweza kwenda sambamba na wingu. Ziara za huko huchukua siku nyingi na kuvuka majimbo.

Mtwara iko karibu na latitudo ya nyuzi 10 kusini, na upepo wa juu huwa hafifu kuliko wa kule. Wingu moja la radi huishi dakika 30 hadi saa moja hivi, hutembea polepole, kisha hunyesha mpaka likaisha. Tornado si jambo la kutarajia. Unachopata ni radi nyingi, minara ya mawingu inayoweza kufika kilomita 15 au zaidi kwenda juu, na mapazia ya mvua yanayoonekana yote kwa pamoja kutoka ukingo wa uwanda wa Makonde. Kwa wapenda picha, hilo la mwisho ni zawadi ambayo nchi tambarare haina.

Nitaona kimbunga?

Hapana, na usitake. Kimbunga ni mfumo wa baharini wenye upana wa mamia ya kilomita, wala si wingu la alasiri moja. Pwani ya kusini inavijua: kimoja kiliipiga Lindi Aprili 1952, Kenneth kiliingia Cabo Delgado Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Hidaya ya Mei 2024 ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa. Kimbunga kikiwa karibu, ziara haipo (angalia "TMA ikitoa angalizo, ziara inafutwa?").

Chamchela za vumbi utaziona, hasa Novemba kabla ardhi haijalowa. Hizo hazihitaji wingu la radi.

Msimu mzuri ni upi?

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huita mvua za msimu. Ukanda mvua hushuka kusini ukilifuata jua, na kaskazi huleta unyevu wa bahari. Kuanzia Mei, kusi ikishika, anga huwa kavu na hakuna cha kufuata.

Ndani ya msimu, miezi haifanani. Desemba mawingu mara nyingi hukua moja moja, yenye nafasi kati yake, kwa hiyo unaliona wingu zima kuanzia miguuni hadi kileleni. Ndiyo miezi tunayoipendekeza kwa mtu wa kamera: Desemba na wiki za kwanza za Januari. Kati ya Januari na Februari hutokea vipindi vya ukavu vya siku kadhaa. Machi mvua ni nyingi zaidi, lakini mara nyingi anga lote hufunika, radi zikawa nyuma ya ukungu wa mvua na barabara zikawa mbaya. Anayetaka ngurumo aje Machi. Anayetaka kuona aje Desemba.

Kuna uhakika wa kuona radi?

Hakuna, na anayekuuzia uhakika huo anakudanganya. Kinachowezekana ni kuchagua siku. Ndiyo maana tunaomba mgeni atoe nafasi ya siku tatu, kisha mwongozaji achague moja kati ya hizo jioni ya kuamkia safari.

## Siku inavyokwenda

Ratiba ikoje?

Saa 1 asubuhi mwongozaji anaangalia picha za setilaiti za usiku na taarifa ya TMA. Saa 2 anathibitisha safari au anaiahirisha. Saa 3 na nusu maelezo ya usalama, na ambaye hakuyasikia haingii garini. Saa 4 safari inaanza kutoka Mtwara mjini, tangi la mafuta likiwa limejaa.

Njia ya kawaida ni Mtwara, Nanyamba, Tandahimba hadi Newala, takriban kilomita 140. Chakula cha mchana huliwa Tandahimba au Newala kabla ya saa 7, kwa sababu kuanzia saa 8 hakuna atakayekubali kusimama kula. Saa 8 hadi saa 12 ndiyo saa za kazi. Jua linazama kama saa 12 na dakika 45 jioni miezi ya Januari na Februari, na nusu saa inayofuata ndiyo bora kwa picha za radi.

Kurudi ni kwa njia ileile, au kwa kuzunguka Masasi, Ndanda na Mnazi Mmoja. Mzunguko huo mzima unakaribia kilomita 400, kwa hiyo mkiuchagua hesabuni kufika Mtwara saa 4 au 5 usiku.

Kwa nini hatulikimbizi wingu?

Kwa sababu tatu, na hili ndilo jambo linaloitofautisha ziara ya kusini na unachokiona kwenye video za Marekani.

Ya kwanza ni umri wa wingu. Ukiliona likinyesha kilomita 30 mbele yako na ukalifuata kwa barabara ya vumbi kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, utafika likiwa limeisha. Utakachokikuta ni matope na wingu la kijivu lisilo na umbo.

Ya pili ni jinsi mawingu haya yanavyozaana. Mvua ikishuka huipoza hewa. Hewa hiyo baridi ni nzito, hugonga ardhi na kusambaa pembeni, ikienda mbele kama kabari chini ya hewa ya joto na kuirusha juu. Pale inaporushwa ndipo wingu jipya huzaliwa, pengine kilomita 10 au 20 kutoka kwa mzazi wake. Kwa hiyo mwongozaji anayejua kazi halikodolei macho wingu linalonyesha. Anatazama pembeni yake, upande ambao bado kuna jua na vijiwingu vinaanza kupanda.

Ya tatu ni barabara. Ukitoka kwenye njia kuu za uwanda wa Makonde, zilizobaki ni njia za mashambani kati ya mikorosho, nyingi za mchanga, zisizo na pa kutokea upande wa pili. Kuingia humo wingu likiwa juu yako ni kujifungia mlango.

Basi mbinu ni kuvizia. Asubuhi nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, na kufikia saa 5 au 6 upepo wa bahari unaanza kuingia bara. Unakutana na hewa ya joto, unapanda uwanda unaofika zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari upande wa Newala, kisha ghafla ardhi inakatika na kushuka bonde la Ruvuma. Mahali hewa inapokutana na inapolazimika kupanda ndipo mawingu hupenda kuota. Mkifika ukingoni kabla ya saa 8, kuna nafasi nzuri kwamba mvua itakuja kwenu yenyewe. Kazi inayobaki ni kuchagua upande wa kutazama na kujua mtaondokea wapi.

Mnasimama wapi kutazama?

Shimo la Mungu, Newala, ndipo pa kwanza. Ukingo wa uwanda unaporomoka na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Wingu lililo mbali linaonekana lote. Lakini ni ukingo ulio wazi, na ukiwa hapo wewe ndiye kitu kirefu. Panafaa wingu likiwa mbali tu. Likisogea, mnaondoka bila mjadala.

Masasi kuna vilima vya mawe vinavyopendeza sana mbele ya wingu jeusi. Vitumieni kama mandhari ya picha mkiwa barabarani, na kupanda juu yake siku ya radi ni marufuku.

Pwani saa zake ni tofauti. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hugeuka kuelekea baharini, na radi huweza kumulika juu ya bahari usiku wa manane hadi alfajiri. Anayelala Mikindani au Msimbati anaweza kuziona bila kupanda gari lolote, akiwa barazani.

Mnajuaje wingu litatokea wapi?

Hatujui kwa hakika, tunapunguza mahali pa kukisia. Kuna ngazi tatu.

Jioni ya kuamkia: utabiri wa TMA, pamoja na modeli za kimataifa (hesabu za kompyuta za hali ya hewa) kama ya ECMWF, kituo cha utabiri cha Ulaya, zinazoonekana kwenye programu za Windy na nyinginezo. Hapa tunatafuta unyevu wa kutosha na upepo wa juu ulio mpole. Modeli hizi hugawa dunia kwa vipande vya kilomita kadhaa, na wingu moja la radi ni dogo mno kwao. Zinakwambia mkoa, hazikwambii kijiji.

Mchana: picha za setilaiti za Meteosat, zinazotoka kila dakika 10 hadi 15. Doa jeupe linalotanuka kwa picha tatu mfululizo ni wingu linalokua kweli. TMA pia ina rada Mtwara. Ramani za radi za kujitolea kama Blitzortung zina vituo vichache Afrika Mashariki, kwa hiyo ramani tupu isikufanye uamini kwamba hakuna radi.

Njiani: macho. Wingu ambalo kichwa chake kina mafundo makali na linapanda huku ukiliangalia linaendelea kukua. Kichwa kikianza kulainika na kutandazika kama fuawe, kimefika kikomo na mvua imeanza au iko karibu. Pindo la wingu jeusi lililo chini, lililonyooka na kusogea kuelekea kwenu, ni upepo wa mbele ya mvua. Hapo mna dakika chache.

Simu yangu inaonyesha mvua asilimia 80 saa 9 alasiri. Inatosha?

Haitoshi. Ni hesabu ya modeli kwa eneo pana, na saa 9 yake inaweza kuwa saa 7 au saa 11.

Kuna mvua ya mawe?

Mara chache. Katika ukanda wetu baridi ya kugandisha huanza kama kilomita 5 juu, na barafu nyingi huyeyuka kabla ya kufika chini.

## Usalama

Sheria kuu ni ipi?

Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtu anaingia garini. Hatungoji ya pili wala mtu amalize picha.

Sababu ni hii: ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi, na radi inaweza kupiga umbali kama huohuo kutoka kwenye mvua yake, mahali penye jua. Ukiisikia, uko ndani ya eneo lake. Hesabu ya sekunde bado inasaidia kujua linasogea au linaondoka: tangu mmweko hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Sekunde 45, kisha 36, kisha 27 maana yake linakuja. Kutoka nje tena ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Gari linakinga kwa sababu ya matairi ya mpira, sivyo?

Sivyo. Radi imeruka kilomita nyingi hewani, sentimita chache za mpira si kitu kwake. Kinachokinga ni bodi ya chuma: umeme hupita kwenye ngozi ya nje ya gari na kushuka ardhini. Kwa hiyo gari liwe na paa la chuma na milango iliyofungwa. Noah, Land Cruiser na mabasi madogo yanafaa. Bajaji, bodaboda, trekta, pikapu kwa walio nyuma na gari la turubai havifai hata kidogo.

Mkiwa ndani, vioo juu, mikono mapajani, usiguse fremu ya mlango, simu isiwe kwenye chaja. Gari likipigwa linaweza kupasuka tairi au kuungua vifaa vya umeme, lakini waliokaa vizuri ndani kwa kawaida hutoka salama.

Radi ikinikuta nje, mbali na gari?

Nenda kwenye gari au nyumba imara, na nenda sasa. Kibanda cha makuti au cha kuuzia bidhaa si nyumba imara kwa maana hii. Usijikinge chini ya mkorosho, mwembe au mnazi, kwa sababu radi ikipiga mti huweza kumrukia aliye chini, na umeme husambaa ardhini kuzunguka shina. Toka kwenye ukingo, kilima na uwanja wazi. Mkiwa kundi, achaneni mita kadhaa, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Usilale chini. Kuchuchumaa hakuleti usalama, kutembea kwenda garini ndiko kunakoleta.

Nguo nyekundu, vioo na simu huvuta radi?

Hapana. Rangi ya nguo haina uzito wowote, na kioo ukikifunika au usipokifunika ni sawa. Simu ya mkononi haivuti radi. Radi huelekea vitu virefu, vilivyochongoka au vilivyojitenga. Ila kama mwenyeji wenu anafunika kioo chake mvua ikianza, msimcheke, mko kwake.

Radi haipigi mahali pamoja mara mbili?

Hupiga. Minara ya simu inalijua hilo.

Mtu akipigwa na radi tufanye nini?

Mguse. Mwili wake haubaki na umeme, na hofu hiyo ndiyo hupoteza dakika za kumwokoa. Kwanza angalieni kama bado pana hatari. Ikiwezekana kumwingiza garini upesi, mwingizeni.

Kama hapumui, anza kukandamiza kifua: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa kupuliza pumzi afanye 30 kwa 2, asiyefunzwa aendelee kukandamiza tu. Waliopigwa wakiwa wengi, anzeni na asiyepumua. Anayelia au kulalamika anaweza kusubiri. Pigeni 112 na anzeni kuelekea hospitali iliyo jirani: Ligula kwa Mtwara mjini, Mkomaindo kwa Masasi, au hospitali ya Ndanda mkiwa kwenye njia ya Mnazi Mmoja.

Hata aliyeinuka na kusema yuko sawa apelekwe. Moyo, masikio na macho huweza kuonyesha madhara baadaye.

Maji yakikata barabara?

Mnageuka. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu, sentimita 30 yanaweza kuanza kulielesha gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, likiwemo lile refu ambalo mwenyewe analiamini. Zaidi ya kina, hamjui kama barabara bado ipo chini ya maji.

Juu ya uwanda wa Makonde maji huzama haraka mchangani, ndiyo maana wenyeji wamehangaikia maji miaka yote ingawa mvua inanyesha. Hatari iko mkishuka mabondeni, Ruvuma na Lukuledi, ambako korongo kavu linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali mkiwa hamjapata hata tone. Msiegeshe ndani ya korongo wala darajani.

Upepo wa mbele ya mvua una hatari gani?

Huja ghafla, wa baridi, na vumbi. Huvunja matawi na kung'oa mabati. Dereva aegeshe mbali na miti mikubwa na nguzo za umeme, pua ya gari ikielekea njia ya kutokea, breki ya mkono juu. Pazia la mvua likionekana kutanuka pembeni linapogusa ardhi, upepo umeshashuka kwa nguvu na unakuja.

## Maandalizi

Nibebe nini?

Koti la mvua (mwavuli una chuma na mkono mrefu, uache), viatu vilivyofungwa, nguo ya kubadili, maji lita 2 kwa kila mtu, taulo dogo, tochi, dawa zako, simu iliyojaa chaji na betri ya akiba. Mfuko wa plastiki mgumu wa kufungia simu na nyaraka. Kitambulisho cha NIDA, au pasipoti kwa mgeni wa nje, kwa sababu iliyo katika swali la mpakani.

Gari lenyewe linabeba kamba ya kuvutia, koleo, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, tairi la akiba lenye upepo, pampu, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Mkinasa mchangani, punguzeni upepo wa matairi kabla ya kukanyaga mafuta. Kukanyaga tu huzika gari hadi ekseli.

Vipi kuhusu watoto, wajawazito na wagonjwa?

Mtoto chini ya miaka 10 huchoka na kuogopa, na akilia kwa saa sita gari zima litalia naye. Mjamzito wa miezi ya mwisho asije, kwa sababu ya barabara, si ya radi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwani vumbi na upepo wa mvua humsumbua. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo aulize daktari wake kwanza.

Choo kipo?

Vituo vya mafuta na migahawa ya Tandahimba, Newala na Masasi. Katikati, hamna. Wingu likishaanza ni kuvumilia.

## Picha

Simu inatosha kupiga radi?

Mara nyingi ndiyo. Rekodi video kwa fremu 60 kwa sekunde, ukiwa umefunga fokasi kwenye upeo wa mbali na kupunguza mwanga kidogo, kisha baadaye toa fremu yenye radi. Kungoja radi ili ubonyeze kitufe ni kupoteza muda, kidole hakiwezi kushindana nayo. Bonyeza simu kwenye kioo cha gari ili isitikisike, na futa kioo hicho kwanza.

Na kamera?

Jioni baada ya jua kuzama: ISO 100 au 200, f/8, sekunde 10 hadi 20, fokasi ya mkono kwenye taa ya mbali. Piga mfululizo bila kusimama, radi ijipige yenyewe ndani ya fremu. Picha zikiwa nyeupe mno, radi iko karibu: punguza tundu hadi f/11. Mchana muda huo mrefu hauwezekani bila kichujio cheusi, basi piga umbo la wingu na uiache radi.

Stendi ya miguu mitatu nje ni kwa wingu la mbali tu. Ngurumo ikisikika, stendi inabaki ilipo, wewe unaingia. Tunajua bei yake.

Lenzi inajaa ukungu kila nikishuka. Kwa nini?

Kiyoyozi cha gari kimeipoza, na hewa ya nje ina unyevu mwingi. Zimeni kiyoyozi dakika 20 kabla ya kusimama, au acha kamera ndani ya begi lake ipate joto polepole. Usifute mara kwa mara, unasambaza maji tu.

Naweza kurusha droni?

Si bila kibali cha mamlaka, ikiwemo ya usafiri wa anga (TCAA), na karibu na mpaka usijaribu kabisa. Hata ukiwa na kibali, upepo wa mbele ya mvua utaichukua.

## Malipo, kuahirisha na kufuta

Bei hupangwaje?

Kwa gari, si kwa kichwa, kwa kuwa gharama kubwa ni mafuta ya mzunguko wa hadi kilomita 400 pamoja na dereva na mwongozaji. Mkiwa wanne mnagawana, ukiwa peke yako unabeba yote. Ulizeni mapema kama chakula kimo, na kama kuna nyongeza mkirudi baada ya saa 4 usiku.

Wingu lisipotokea narudishiwa pesa?

Siku ikiahirishwa kabla ya kuondoka, hakuna malipo. Mkishaondoka, mafuta yametumika na dereva amefanya kazi. Swali hili limalizeni kabla ya kupanda gari. Kulimaliza jioni chini ya anga lenye nyota huharibu urafiki.

TMA ikitoa angalizo, ziara inafutwa?

Inategemea ni la nini. TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Angalizo la mvua kubwa kwa Lindi na Mtwara kwa kawaida linamaanisha mvua pana, anga limefunikwa, mabonde yanajaa: tunaahirisha, kwa sababu za usalama na pia kwa sababu hakutakuwa na cha kuona. Ikiwa ni tahadhari, ambayo ni ngazi ya juu kuliko angalizo, inafutwa bila mazungumzo. Kimbunga kikiwa Mkondo wa Msumbiji au karibu na Madagaska, tunasubiri kabisa: wakati mwingine kinavuta unyevu wote na kutuachia anga kavu, wakati mwingine kinatusukumia mvua ya siku nzima.

## Yasiyo ya kawaida

Naweza kwenda mwenyewe kwa pikipiki na kufuata magari yenu?

Hapana. Soma tena swali la matairi.

Tunaweza kusimama kwenye shamba la mtu?

Kwa ruhusa. Salimieni kwanza, shikamoo kwa wazee, elezeni shida yenu, kisha ombeni. Kumbukeni kwamba mvua ya Novemba au Desemba inayowafurahisha ninyi huweza kumkuta mkulima korosho zake ziko juani zinakauka, na korosho iliyolowa hushuka daraja na bei. Mkiona watu wanakimbilia kuzifunika, mlio na mikono saidieni kabla ya kutoa simu. Msikanyage wala kuegesha juu ya korosho zilizoanikwa.

Mbona tunaulizwa vitambulisho bonde la Ruvuma?

Ni eneo la mpaka, na tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 ulinzi umekuwa mkali. Kundi la wageni lenye kamera ndefu, lililosimama bila shughuli inayoeleweka, litaulizwa. Njia rahisi ni kupita ofisi ya kijiji kwanza na kujitambulisha. Msipige picha askari, magari yao wala vituo vyao.

Wingu likivuka mto, tunaweza kulifuata Msumbiji kupitia Daraja la Umoja?

Hapana. Daraja liko Mtambaswala, mbali na Newala, na kuvuka kunahitaji uhamiaji, forodha na nyaraka za gari. Mkimaliza taratibu hizo wingu litakuwa limeshakufa zamani. Bakini ukingoni Newala mtazame mashariki: mvua ikishavuka mto, hewa yake baridi huweza kuinua wingu jingine upande wetu ndani ya saa moja.